Nyumba na Kazi: Baiskeli Kuukuu Inayonoa Mapanga

Mama mmoja ambaye mumewe ni polisi ametuandikia barua fupi yenye swali refu. Katika kota zao, asema, kila nyumba ina visu viwili au vitatu, panga na jembe, walakini hakuna anayejua kuvinoa. Mnoaji wa mtaani akipita barabarani na baiskeli yake, mlinzi wa lango hamruhusu kuingia, na huenda mlinzi anayo haki yake. Basi kina mama husugua visu juu ya ngazi ya saruji mpaka kisu kinaota meno kama msumeno, na bado hakikati nyanya. Auliza: Je, mtu aweza kujitengenezea mashine ya kunolea isiyohitaji umeme wala fedha nyingi?

Aweza. Tena sisemi hivyo kwa kusoma vitabuni tu. Mashine kama hiyo imesimama nyuma ya nyumba yangu hivi sasa, chini ya mwembe, nayo ilinifedhehesha mbele ya mke wangu na shemeji yangu kabla haijaanza kutufaa. Nitaeleza jinsi ilivyojengwa, na fedheha hiyo pia sitaificha, kwa kuwa ilinifundisha mengi kuliko yale niliyoyafanya sawasawa.

Kwanza niondoe wazo moja ambalo nimelisikia hata kwa watu wazima, kwamba kisu butu ni salama zaidi penye watoto. Kisu butu hakikati, bali huteleza. Anayekitumia hulazimika kukisukuma kwa nguvu za mkono mzima, na siku kinapoteleza juu ya ganda la ndizi, nguvu zote hizo huishia kwenye kidole. Mke wangu analo kovu la namna hiyo katika kidole gumba cha kushoto, alilolipata alipokuwa akimenya matoke ya wageni. Kisu chenye makali hupita chenyewe, mkono ukikiongoza tu. Panga nalo ni hivyo hivyo: likiwa butu hudunda juu ya mti na kuuelekea mguu wa aliyelishika.

Wazo la mashine yenyewe si jipya. Wanoaji wa mitaani wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam wamelitumia kwa miaka mingi: miguu hukanyaga, gurudumu la nyuma huzunguka hewani, na mkanda huuchukua mzunguko ule na kuupeleka kwenye jiwe dogo. Wao hujenga mashine yao juu ya baiskeli ambayo bado yaweza kutembea, kwa sababu kazi yao ni ya kuhamahama. Sisi tunaotaka mashine ya kukaa mahali pamoja twaweza kujenga iliyo imara zaidi, tena ya watu wawili: mmoja juu ya tandiko anakanyaga, mwingine nyuma yake amesimama ananoa. Faida yake ni kwamba mwenye kunoa ana mikono miwili na macho mawili kwa ajili ya kazi moja tu.

Baiskeli inayofaa ni ile nyeusi ya kizamani, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma virefu badala ya waya. Nyingi zimelala mabandani tangu pikipiki ziliponyang'anya kazi ya kubeba abiria. Hata bodaboda za kwanza, zilizovusha watu na mizigo mpakani Busia, zilikuwa baiskeli za aina hiyo. Nimeichagua kwa sababu mbili. Rimu yake ni pana, na tairi likiondolewa hubaki mfereji mzuri wa kulaza mkanda. Tena breki yake ya nyuma haishiki ubavuni mwa rimu, bali hubana upande wa ndani unaoelekea kitovuni, kwa hiyo haigusi mkanda kabisa. Breki hiyo usiiondoe. Utakuja kuihitaji, maana ukiacha kukanyaga, gurudumu huendelea kuzunguka kwa raha zake, na jiwe pamoja nalo.

Ondoa gurudumu la mbele, madigadi zote mbili, keria, tairi la nyuma na mpira wake wa ndani. Chukua mbao mbili nene za mita 2, uziunganishe kwa vipande vya kukingama kama ngazi, uzilaze chini. Uma wa mbele wa baiskeli ufungwe kwa bolti kwenye kipande kimoja cha kukingama. Ekseli ya nyuma ikae juu ya miguu miwili ya chuma iliyotanuka chini, ili rimu iwe juu ya ardhi kwa kiasi cha shubiri. Mashine isitikisike hata mtu mzito akikanyaga kwa nguvu. Hapa ndipo wengi hufanya haraka, nami nawasihi wasifanye haraka, kwa kuwa kila mtikisiko wa fremu hufika kwenye jiwe.

Nyuma ya gurudumu simamisha meza ndogo ya chuma, au ya mti mgumu kama mvule, ambayo kimo chake ni kiunoni mwa mwenye kunoa. Juu yake hukaa shafti ya jiwe, na kutoka shafti hiyo mpaka ekseli ya nyuma pawe na kiasi cha mita moja. Shafti sitakushauri uitengeneze kwa bomba la maji, kama nilivyopata kuona mahali fulani. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya kukereza chuma. Mjini Kampala mafundi wa kazi hizo wapo tele Katwe, na katika miji mingine hawakosekani. Mwombe chuma cha unene wa milimita 15, kinachoingia barabara ndani ya beringi mbili namba 6202. Beringi hizo hutumika katika pikipiki na mashine nyingi ndogo, kwa hiyo hupatikana penye duka lolote la vipuri. Ncha ya kulia ya shafti, yaani kulia kwa mtu anayenoa, ipunguzwe mpaka milimita 12.7, ambayo ni nusu inchi, kwa kuwa mawe mengi ya upana wa sentimita 15 yana tundu la kipimo hicho. Kisha ikatwe hesi, yaani mistari ya skrubu, ya kupokea nati.

Katikati ya beringi hizo mbili kaza kapi la mti mgumu lenye upana wa sentimita 7 na mfuo wa kushika mkanda. Mkanda ni ule wa ngozi, wa mviringo, unaotumika katika cherehani ya miguu. Mmoja hautoshi, unganisha miwili kwa vile vibanio vyake vya waya, kisha ukate upate kama mita 3 na robo.

Sasa hesabu kidogo, na msomaji asikunje uso, kwani mimi nilisomea ualimu kabla ya kuketi ofisini, na mazoea hayo hayaishi. Hesabu meno ya gia ya mbele ya baiskeli yako na ya nyuma. Tuseme ni 44 na 18. Basi kila pedeli zikizunguka mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Mtu akikanyaga bila kuhangaika, mara 60 kwa dakika, gurudumu huzunguka mara 147 hivi. Rimu ina upana wa sentimita 63 na kapi sentimita 7, kwa hiyo kapi huzunguka mara 9 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Zidisha: jiwe litakwenda mizunguko ipatayo 1,320 kwa dakika. Jiwe la sentimita 15 la mashine ya umeme kwa kawaida huandikwa ubavuni kwamba laweza kustahimili mizunguko zaidi ya 4,000. Tuko chini kabisa ya mpaka wake, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Asiyeridhika na mwendo huo akaweka kapi dogo la sentimita 2, ajue kwamba ameuzidisha zaidi ya mara tatu, na kwamba sasa huenda ameupita mpaka ambao hapaswi hata kuukaribia.

Mwendo wa polepole una heri nyingine. Chuma cha kisu kimefanywa kigumu kwa moto wa kipimo, na moto usio na kipimo hukiharibu. Jiwe la umeme, likishikwa na mtu asiye na subira, hupasha ncha ya kisu moto katika sekunde chache. Rangi ndiyo hutoa habari: chuma kikigeuka kuwa cha manjano kama majani makavu, joto limefika nyuzi 230 za sentigredi au karibu yake, kikiwa cha buluu, limefika kama 300, na hapo makali yamekwisha kulainika. Utakinoa leo, kesho kitakuwa butu tena, nawe utamlaumu aliyekuuzia. Jiwe la miguu halikosi kupasha chuma, lakini hukupa nafasi ya kuona na kuacha.

Nije kwenye fedheha yangu. Jumamosi moja nilimaliza kila kitu, nikamwalika shemeji yangu, ambaye ni sajenti, aje aone. Mwanangu wa miaka 13 akapanda tandikoni. Nilikuwa nimefunga mkanda moja kwa moja, kama akili ya kwanza inavyomwambia kila mtu. Akakanyaga, jiwe likavuma vizuri, nikaweka panga la shemeji. Mara cheche zikapanda badala ya kushuka, zikapita juu ya jiwe na kumwangukia mtoto mgongoni. Akaruka chini, na shati lake lina matundu kama lililoliwa na mende. Nikacheka, nikamvalisha koti langu la mvua, tukaendelea. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa, kwa maana mashine ilikuwa imekwisha kunionya mara moja. Baada ya dakika chache nikasikia jiwe linabadili sauti, likagonga, likayumba. Nati ilikuwa imejifungua yenyewe. Jiwe likachomoka kwenye shafti, likapiga sakafu, likapasuka vipande viwili, na kimoja kikabingirika mpaka kizingiti cha jiko, alipokuwa ameketi binti yetu mdogo akichambua maharage.

Hakuumia mtu. Lakini kwa muda hakuna aliyesema neno. Shemeji aliokota panga lake akaenda zake bila kunywa chai. Mke wangu akambeba mtoto, akaniambia, "Baba watoto, ama hiyo mashine, ama hawa. Chagua."

Siku tatu mashine ilisimama imefunikwa gunia, nami nilikwisha kuamua kuibomoa. Siku ya nne mke wangu, ambaye hushona nguo za majirani, akaniita kwenye cherehani yake. Akalisukuma gurudumu la mkono kinyume. Uzi ukajisokota, ukakatika. "Unaona?" akasema. "Hii ikizunguka kinyume huharibu kazi. Na jiwe lako lilikuwa likizunguka kinyume." Alikuwa ameliona siku ile ile, walakini sikumwuliza.

Maelezo yake ni haya. Mkanda ukifungwa moja kwa moja, jiwe huzunguka upande ule ule wa gurudumu, na uso wake unaomwelekea mwenye kunoa hupanda juu. Cheche huifuata njia hiyo. Aidha, nati ya hesi ya kawaida iliyoko ncha ya kulia hulegezwa na mzunguko huo, kidogo kidogo, kila jiwe linapoanza kwenda. Mkanda ukivushwa katikati uwe kama tarakimu ya 8, mambo yote hugeuka: uso wa jiwe hushuka, cheche huangukia ndani ya debe la mchanga lililowekwa chini, na nati ile ile hujikaza. Tena mkanda uliovushwa hulikumbatia kapi kwa sehemu kubwa zaidi, hivyo hauponyoki upesi. Ubaya wake ni kwamba pale unapopishana hujisugua na kuchakaa mapema, kwa hiyo ukaguliwe kila juma. Waundaji wa baiskeli walilijua jambo la nati zamani. Ndiyo maana pedeli ya kushoto ya baiskeli ina hesi iliyogeuzwa. Nimepanda baiskeli tangu utoto wangu, na sikupata kujiuliza kwa nini.

Nilinunua jiwe jingine, na safari hii nililichunguza kabla ya kulifunga. Mawe haya hayachimbwi ardhini. Hutengenezwa kwa chenga ngumu za kiwandani zilizoshikanishwa kwa udongo na kuokwa motoni kama chungu, nayo huvunjika kama chungu. Chenga mojawapo, karborandamu, aliipata Mmarekani Edward Acheson mwaka 1891 alipokuwa akichoma udongo na makaa kwa nguvu za umeme. Kwa kazi za nyumbani nunua jiwe lenye chenga namba 60. Namba 36 hula chuma kingi na kukiacha kisu kimekwaruzwa. Kisha fanya kama mama anayenunua chungu sokoni: lipitishe jiwe kwenye kidole kupitia tundu lake, uligonge polepole ubavuni kwa mpini wa mti wa bisibisi. Likilia kama kengele ndogo, ni zima. Likitoa sauti iliyokufa, lina ufa usioonekana, na mahali pake ni shimo la taka hata kama lilinunuliwa leo. Jiwe lililowahi kuanguka nalo ligongwe upya, hata likionekana zima.

Pande zote mbili za jiwe huwekwa sahani za chuma zenye upana usiopungua sentimita 5, na kati ya kila sahani na jiwe duara la karatasi nene. Nati ikazwe kiasi, si kwa nguvu za kukazia gurudumu la lori, kwani mawe mengi hupasuliwa na mikono yenye bidii. Zunguka jiwe kwa kifuniko cha chuma cha unene wa milimita 3, uache wazi robo tu, ile inayomwelekea anayenoa. Mbele ya robo hiyo fungia kiegemeo cha chuma, umbali wa milimita 3 kutoka kwenye jiwe, wala usizidi. Nafasi ikiwa pana, ncha ya kisu itavutwa ndani, na vidole vitaifuata. Jiwe hupungua kwa kutumika. Kiegemeo nacho kisogezwe.

Miwani ya kuzuia cheche si pambo. Chembe ya chuma ikiingia jichoni, usisugue wala usimruhusu jirani aitoe kwa ncha ya kitambaa, nenda zahanati. Aidha, kila siku kabla ya kuanza kazi, mwache mwenzako akanyage dakika moja mzima, nawe umesimama kando, si mbele ya jiwe. Mke wangu huita dakika hiyo "ya mtoto wa maharage," na hakuna anayeruhusiwa kuipunguza.

Katika kunoa kwenyewe mkono mwepesi hushinda mkono mzito. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa wati 75 hivi kwa kukanyaga muda mrefu, na ukigandamiza kisu utazimaliza zote, jiwe lisimame na mkanyagaji akununie. Weka kisu juu ya kiegemeo, ukipitishe kutoka shinani hadi nchani kwa mwendo mmoja usiokatika, ubavu huu mara moja na ubavu ule mara moja. Kila baada ya mara mbili au tatu kichovye katika maji. Maji yakae kwenye kopo, wala jiwe lenyewe lisilazwe majini, kwani hunywa upande mmoja, likawa zito upande huo, nalo likizunguka litatikisa meza yote.

Pembe ndiyo huwatatiza wanaoanza. Kipimo rahisi ni hiki: kisu chenye bapa la sentimita 3, mgongo wake ukiinuliwa sentimita 1 kutoka kwenye uso wa jiwe, umepata nyuzi 20 au pungufu kidogo, na hiyo yatosha kwa kisu cha jikoni. Panga la bapa la sentimita 5 liinuliwe sentimita 2, kwa kuwa hupiga mti, na makali membamba mno hukunjika. Jembe linolewe ubavu mmoja tu, bila kulitaka likate kama kisu. Shoka lataka pembe pana na uvumilivu. Mkasi wa kushonea usiuguse kabisa mpaka umezoea. Niliwahi kuugusa wa mke wangu, na hilo sitalieleza hapa.

Utajua umefika pale kidole, kikipita polepole kutoka mgongoni kwenda ukingoni, kinapohisi uzi mwembamba wa chuma uliojikunja upande wa pili. Uzi huo sio makali, bali ni takataka ya makali. Uondoe kwenye kinoo cha mkono chenye maji, kwa mipito michache myepesi, kisha umalizie juu ya mkanda wa ngozi uliochakaa. Na hapa ndugu zetu askari wanielewe: mkanda uliochakaa wa nyumbani, si ule wa serikali.

Jambo moja zaidi nawaomba mlichukulie kwa uzito kuliko yote. Wako watu wanaochonga mawe ya mchanga ya mtoni au ya mlimani wakayafanya magurudumu ya kunolea, na huyatumia makavu. Katika mji wa Sheffield, Uingereza, mji uliosifika kwa visu vyake, wanoaji wa karne ya 19 walitumia mawe ya asili ya namna hiyo. Walionoa uma za mezani kwa mawe makavu walikufa vijana. Waganga wa mji ule waliandika kwamba wachache mno kati yao walipita miaka 40. Vumbi la mawe lilikuwa limejaa mapafuni mwao, wala dawa ya kulitoa haikuwapo, na hata leo haipo. Mawe ya kiwandani hayakufanywa kwa mchanga ule, walakini vumbi la jiwe na la chuma si chakula cha mapafu. Mashine ikae nje, upepo ukipita, na mwenye kunoa afunge kitambaa puani. Nani atakumbuka kumwambia fundi wa mtaani habari hizi, sijui. Pengine msomaji mmoja akimkatia ukurasa huu.

Narudi kwa mama aliyeandika. Katika kota zenu, kwanza mwombeni mkuu wa kituo ruhusa ya mahali, pawe mbali na njia ya watoto na mbali na ghala. Mtu mmoja asiachiwe mashine peke yake kama mali yake, wala isiwe ya wote bila mlinzi. Chagueni watu wawili au watatu wajifunze pamoja, na wawe na daftari: nani ameleta nini, kimenolewa lini, jiwe limegongwa lini. Malipo mtayapanga wenyewe, ila yatoshe kununua jiwe jipya kabla la zamani halijakwisha, maana jiwe lililobaki dogo kama sahani ya kikombe hushawishi watu kuongeza mwendo. Anayekaribia kustaafu jeshini au polisi, akijifunza sasa, ataondoka na ufundi ambao haumngoji bosi wala nguzo ya umeme.

Shemeji yangu alirudi baada ya miezi miwili akiwa na lile panga lake na mengine manne ya wenzake. Hakutaja habari za siku ile. Alitazama mkanda uliovushwa, akazunguka mashine mara mbili, akauliza nani atanoa. Mke wangu akavaa miwani, akafunga kitambaa puani, akasimama mbele ya meza, na mimi nikapanda tandikoni, kwa kuwa siku hizi hivyo ndivyo tulivyogawana.